Namba ya mwalimu iko kwa nani?

Muhula uliopita, wiki ile kozi weki zimeshabandikwa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inanukia, saa tano usiku ikaingia meseji WhatsApp, namba siijui, profaili ina picha ya maua tu, imeandikwa "Shikamoo mwalimu". Basi, imeishia hapo. Nikajibu marahaba. Zikapita kama dakika tatu, "Samahani kwa usumbufu mwalimu, habari za usiku". Nzuri. "Familia haijambo mwalimu". Hatujambo kabisa. Kimya tena, naona anaandika anaacha, anaandika anaacha, mpaka mi mwenyewe nikamwandikia sema mwanangu una shida gani, ndo akafunguka: tesiti ya pili alifanya, lakini kwenye matokeo nafasi yake iko wazi, na bila hizo maksi hafikishi 16 kwenye 40, na asiyefikisha 16 chuoni kwetu haruhusiwi kuingia kwenye mtihani, na mtihani ni Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Matokeo yalibandikwa siku tisa nyuma. Siku tisa analala nayo na kuamka nayo.

Sasa kwenye darasa lile lile kuna kijana ambaye maksi zake niliziingiza kwenye mstari wa mwenzake kwa bahati mbaya. Yeye matokeo yametoka asubuhi, kabla ya mchana alishanitumia voisi noti, "shikamoo mwalimu, hapo kwangu naona kama kuna kitu hakijakaa sawa", nikaangalia, nikarekebisha, haikuchukua hata nusu saa. Namba yangu anayo tangu mwaka wa kwanza, stetasi zangu alikuwa anaziangalia, nikiweka picha ya shamba la zabibu anaandika hongera mwalimu. Sikumpendelea, naweza kuapa, angenitafuta yeyote ningefanya vile vile. Lakini mmoja nusu saa, mwingine siku tisa, na wote walikuwa wanadai maksi zao halali kwa mwalimu mmoja. Tangu hapo nimekuwa nafikiria sana hii habari ya walimu wa chuo na wanafunzi kuwasiliana mitandaoni, na kadiri ninavyosoma yaliyoandikwa na wenzetu wa nje ndo naona wanajibu swali ambalo sisi huku Dodoma sio swali letu la kwanza.

Maana wenzetu walianzia kwingine. Facebook ilizaliwa 2004 Harvard, ikiwa ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, wakajizoesha kuwekeana picha za sherehe na mapenzi yao humo, halafu 2006 milango ikafunguliwa kwa kila mtu na walimu wao nao wakaingia. Kwaiyo kwao swali likawa je mwalimu aingie kwenye sebule ya mwanafunzi, amwone akiwa na chupa mkononi, na mwanafunzi je amwone mwalimu akiwa ufukweni. Mwaka 2007 Joseph Mazer na wenzake kule Marekani walifanya jaribio, wakatengeneza kurasa za Facebook za mwalimu mmoja, nyingine inamwanika sana na picha na familia na marafiki, nyingine inamwonyesha kidogo tu, wakawauliza wanafunzi. Walioona ule ukurasa wa kujianika walisema wangetarajia kuvutiwa zaidi na masomo na darasa lenye hali nzuri zaidi. Upande wa shule kukawa na hofu, jimbo la Missouri 2011 likatunga sheria ya kuzuia walimu kuwa na mawasiliano ya siri ya mitandaoni na wanafunzi, jaji akaisimamisha kabla haijaanza kutumika, wabunge wakakiondoa kile kipengele. Ujerumani nako jimbo la Baden-Württemberg 2013 likakataza walimu kutumia Facebook kwa mambo ya kikazi na wanafunzi, hoja yao kubwa ikiwa taarifa za watu zinakwenda kukaa wapi.

Ukiyaangalia yote hayo yanahusu mlango: nani aingie, nani aone, nani afungiwe. Ni maswali ya haki kabisa kwa watu ambao kwao maisha binafsi ya mtu ni kitu cha kulindwa kwanza.

Kwetu mlango haukuwa Facebook. Wanafunzi wangu wengi intaneti wameijulia kwenye simu, na kwenye simu wameijulia WhatsApp, na WhatsApp haina kuomba urafiki wala kukubaliwa, inataka namba. Na namba ya simu kwetu sio siri ya mtu. Tangu M-Pesa iingie Tanzania 2008 namba ndo pochi, ndo inapokea mchango wa harusi na wa msiba, anayo fundi bomba, anayo muuza mkaa, bodaboda wa Ng'ong'ona aliyekupeleka mara moja tu mwaka juzi bado anayo. Mwalimu kumpa mwanafunzi namba hakuna anayeona kama amemwonyesha chumba chake cha kulala. Kwaiyo ukichukua mwongozo wa chuo cha Marekani unaosema usikubali urafiki wa mwanafunzi mtandaoni ukauleta hapa, walimu wote watautii na hakuna kitakachobadilika, maana hakuna aliyeomba urafiki.

Kitu chetu ni grupu. Kila kozi ina grupu, adimini ni CR, yaani kiongozi wa darasa, na humo ndo ratiba inabadilika, ndo madesa, yaani notisi za somo, yanapita, ndo unaambiwa kipindi cha saa moja hakipo wakati mwenzako ameshapanda daladala. Zamani WhatsApp ilikuwa inachukua watu 256 kwenye grupu moja, ikaja 512 mwaka 2022, na kabla mwaka huo haujaisha ikafika 1024. Naikumbuka ile ya 256 maana kozi za pamoja zilikuwa na watu zaidi ya hao, waliochelewa kujiunga wakawa nje, CR anawafowadia mmoja mmoja akikumbuka, na asipokumbuka ndo hivyo tena. Nani alichelewa kujiunga? Yule ambaye bumu, pesa ya mkopo, lilikuwa halijaingia na simu yake ni kitochi.

Niliwahi kukaa Uswidi miaka miwili kusoma masters. Siku ya kwanza mwalimu wetu, mama wa makamo, mtafiti mkubwa tu, akatuambia tumwite jina lake la kwanza. Sio profesa, sio madam, jina tu kama ungemwita dada yako mdogo. Wenzangu wa Ulaya hata hawakusikia kama amesema kitu, mimi ilinichukua kama miezi miwili, nilikuwa namwandikia imeili inayoanza na salamu isiyo na jina kabisa, nazunguka zunguka ili nisilitaje. Waswidi wenyewe zamani hawakuwa hivyo. Walikuwa wanaitana kwa vyeo, mpaka 1967 ambapo bwana mmoja Bror Rexed alipoingia kuongoza idara yao ya tiba ya taifa akatangaza kwamba wafanyakazi wote atawaita kwa neno la kawaida la wewe, du, na yeye aitwe hivyo hivyo, na nchi nzima ikaelekea huko. Mwaka huo huo wa 1967 sisi tulikuwa na Azimio la Arusha na neno letu la kusawazisha watu, ndugu. Ndugu Waziri, ndugu Mkurugenzi, ndugu dereva. Baadaye mheshimiwa akarudi mjini, na ukitaka kujua amerudi kwa nguvu gani kaa Dodoma wakati wa Bunge. Lakini hata enzi za ndugu, shikamoo haikuguswa. Cheo kiliweza kupunguzwa, umri hapana.

Kilichonishangaza Uswidi zaidi ya jina ni saa. Yule mama niliyemwita kwa jina lake, namba yake ya simu sikuwahi kuwa nayo kwa miaka miwili yote. Ukimwandikia Ijumaa jioni anajibu Jumatatu, na hakuna aliyenung'unika, na hakuna mwanafunzi aliyejibiwa Jumamosi huku mwingine akisubiri. Yaani kule jina la mwalimu liko wazi ila muda wake umefungwa, na kwetu jina ndo limefungwa, huwezi kumwita mwalimu kwa jina lake hata umeze moto, lakini muda wake uko wazi mpaka saa tano usiku na siku ya Pasaka. Mtu akija na kipimo kimoja tu cha ukaribu, awe Mswidi au Mgogo, lazima amwone mwenzake wa ajabu.

Kipimo chenyewe kipo na kinanukuliwa kila mahali, cha Mholanzi Geert Hofstede, aliyepitia madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973 akapanga nchi kwa umbali wa madaraka, yaani watu wa chini wanavyokubali na kutarajia kwamba wa juu yuko juu. Marekani ina 40, Uswidi 31, Malaysia 104, na Afrika Mashariki 64. Sasa hiyo Afrika Mashariki ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimechanganywa kwenye sufuria moja. Mi sikatai kwamba 64 ni kubwa kuliko 31, hilo hata bila Mholanzi tunalijua. Ninachosema ni kwamba namba moja haiwezi kunielezea darasa langu, ambalo kuna kijana wa Kigogo kutoka Bahi aliyekulia kwenye mbukwenyi na mbukwa, salamu inayouliza mpaka ng'ombe, na kando yake binti wa Kisukuma aliyefundishwa kupiga goti mbele ya mkubwa, na wa Pemba anayeniita maalim, na wa Dar es Salaam aliyesoma intaneshno skuli tangu chekechea ambaye ananiandikia "Hi sir" na anaona ameandika kwa heshima zote. Wote hao ni 64. Na wote wanatumia simu moja kunifikia, ila hawafiki kwa usawa.

Ngoja nikae kidogo kwenye hiyo "Hi sir" maana watu wameigombania sana kwenye ofisi za walimu. Wazee wetu inawachoma, wanaona mtoto hana adabu. Mi naona lugha ndo imefanya hivyo. Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, mwanafunzi anajua mambo ya chuo yaandikwe kwa Kiingereza, na Kiingereza hakina shikamoo, hakina pa kuiweka hata ukitaka, kwaiyo mtu akihamia Kiingereza heshima yake inabaki kule kwenye Kiswahili alikotoka. Nimeanza kuangalia meseji zangu za muhula mzima na nimeona kitu: akiuliza madesa ya wiki ya nne anaandika Kiingereza. Akitaka kuongezewa siku za asaimenti anachanganya. Maksi zikipotea ni Kiswahili kitupu na shikamoo juu. Na yule aliyefiwa na mzazi anaandika Kiswahili na haulizi chochote, anasema tu mwalimu nimefiwa na baba niko njiani naelekea Kondoa, anakuachia wewe umalizie. Hiyo ndo ramani ya heshima ya mtandaoni kwetu, iko kwenye lugha aliyoichagua kabla haijawa kwenye maneno. Na walimu nao wanaijua, mwalimu akitaka kumkatisha mwanafunzi anamjibu neno moja la Kiingereza hata kama ameandikiwa nusu ukurasa wa Kiswahili. Mwanafunzi anaelewa amefungiwa.

Halafu kuna zile tiki za bluu. WhatsApp waliziweka Novemba 2014. Japani kwenye LINE, programu yao ya kuchati, kuna neno linatokea pembeni ya meseji ikishasomwa, na vijana wao wana msemo kabisa wa kusomwa na kupuuzwa. KakaoTalk ya Korea Kusini ina kanamba kadogo kanakopotea mtu akisoma. WeChat ya China haionyeshi kabisa kama mtu amesoma au la. Vitu vidogo hivi, lakini fikiria mwanafunzi aliyelelewa kwamba mkubwa akinyamaza ndo ameshajibu, usirudie, usimsumbue. Anaona tiki zimekuwa bluu saa mbili usiku, mwalimu amesoma akiwa anaendesha au anakula, akasahau. Mwanafunzi wa Uswidi angeandika tena kesho yake, hujambo, naona haukunijibu. Wangu anaona ameshajibiwa, na jibu ni hapana. Mi nimewahi kumkuta mtu ameacha kufuatilia mada yake ya utafiti kwa wiki sita kwa sababu ya bluu. Nilisahau tu. Nilizizima zile tiki siku hiyo hiyo, sijaziwasha tena.

Yule binti wa siku tisa, maana kumbe alikuwa binti, kesho yake Ijumaa asubuhi alikuja ofisini na rafiki yake. Nikamuuliza kwa nini hakunitafuta mapema. Akaangalia chini akasema nyumbani, mama yake na dada zake, walimwambia kabla hajapanda basi kuja Dodoma: usimtafute mwalimu wa kiume kwenye simu, usiingie ofisini kwake peke yako. Na hiyo namba aliichukua kwa CR siku ya pili tu, amekaa nayo wiki nzima anaogopa kuitumia. Amekuja kuandika usiku ule kwa sababu rafiki yake amekaa pembeni yake na wameandika pamoja.

Siwezi kumlaumu mama yake. Sheria yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007 ina kifungu cha 25 kinachotaja mtu mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe huduma, sheria haiwezi kuandika kitu hivyo kama hakipo, na kila aliyepita chuo amesikia. Na mara nyingi inaanzia hapo hapo kwenye simu, meseji ya umelala, meseji ya mbona uko kimya sana darasani. Hapo ndo nawaelewa watu wa Missouri kuliko nilivyowaelewa kwenye karatasi. Lakini angalia nani analipa. Binti anajilinda kwa kukaa mbali na simu ya mwalimu, na kwa kukaa mbali anakosa kila kitu ambacho tumekiweka kwenye simu ya mwalimu: maksi zilizopotea, mada ya utafiti, barua ya fildi, taarifa kwamba kuna nafasi za mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi fulani kule Mtumba, mji wa serikali. Kijana anapata vyote hivyo kwa hongera mwalimu moja kwenye picha ya zabibu. Hakuna aliyepanga iwe hivi, na mi sitaki kumtuhumu mtu, nasema inboksi yenyewe, hata ikiwa mikononi mwa mwalimu msafi, inagawa wanafunzi.

Stetasi nazo. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa kishindo 2016, Dodoma kila mtu anauza kiwanja, na walimu wa vyuo wamo. Mi nilikuwa naweka mayai ya kienyeji, trei kwa trei, na wanafunzi wakawa wananunua. Mwanzoni niliona ni kuungana mkono. Siku moja nikajiuliza huyu anayenunua trei kila wiki na anaishi hosteli ambako kupika ni marufuku, hayo mayai anapeleka wapi. Sikumuuliza. Niliacha tu kuyaweka, na wanafunzi nikawatoa kwenye orodha ya wanaoona stetasi zangu. Bei ya kitu anachouza mwalimu sio bei, mwanafunzi hana ubavu wa kusema ni ghali.

Jambo la matokeo kubandikwa kwenye grupu nalo ni refu ila nitalipitia haraka. Marekani wana sheria tangu 1974, FERPA, maksi za mwanafunzi ni zake, huwezi kuzitangaza kwa jina. Sisi CR anapiga picha ubao wa matangazo anaitupa kwenye grupu, jina, namba ya usajili, maksi, na aliyeshindwa anajulikana na watu mia tatu. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na habari za elimu ya mtu zimo kwenye taarifa zinazolindwa. Kwaiyo majina yatoke, hapo sina ubishi. Nakiri lakini kwamba ile karatasi ya wazi ilikuwa na kazi moja, wenzako wanaona nafasi yako iko wazi wanakuamsha, we mbona huna tesiti tuu. Tukiifunga lazima tuweke kitu badala yake, la sivyo tutakuwa tumemlinda asionwe na tukamwacha asionwe kweli.

Mimi nimebadilisha vitu viwili kwenye madarasa yangu. Cha kwanza, swali lolote la kozi liulizwe kwenye grupu na nitalijibu kwenye grupu, kila siku saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, ukiniletea inboksi nitakuomba ulipeleke kule, isipokuwa ugonjwa, msiba, ada na mambo ya mwilini mwako, hayo njoo, na uje na mwenzako ukitaka. Asiye na simu janja amwambie jirani yake aandike, jina lake likiwa pale ni sawa na ameandika mwenyewe. Cha pili, shikamoo na shida viwe kwenye meseji moja.

Hicho cha pili kimeleta maneno. Mwenzangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, amefundisha hapa tangu vyuo vingi vya Dodoma havijajengwa, aliniambia unawaharibu watoto. Akasema mtoto akija nyumbani kwa mkubwa haanzi kutaja shida akiwa mlangoni, anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anaulizwa habari za alikotoka, ndo anasema. Nilikaa na hilo neno siku kadhaa kwa sababu ni kweli, na ndivyo nilivyolelewa na mimi. Lakini nyumbani yule mtoto unamwona. Unaona viatu vina vumbi la kutembea kutoka mbali, unaona macho, hata kabla hajamaliza shikamoo umeshajua huyu ana jambo na unamsogezea kigoda. Kwenye simu salamu inakuja peke yake haina uso, na meseji arobaini za shikamoo zimepangana hapo zote zinafanana, ya aliyeboreka na ya anayekaribia kufukuzwa chuo. Na mwanafunzi mwenyewe kila hatua ya salamu inamgharimu bando na inampa nafasi ya kughairi. Mzee hakukubali. Alisema basi waache simu waje ofisini wote. Mia tatu?

Namuunga mkono jambo moja ila, marahaba niitike. Kuna walimu siku hizi wakisalimiwa shikamoo wanajibu kwa dole gumba. Mtoto amekushika miguu kwa maneno, wewe unamwonyesha kidole. Ukiona muda wa kuandika marahaba huna basi usijibu mpaka uwe nao.

Turudi Ijumaa ile. Nilipomaliza kumsikiliza yule binti nikatafuta karatasi yake kwenye bahasha zote nilizosahihisha, haikuwepo. Nikamuuliza alifanyia ukumbi gani, akasema ule mdogo wa juu. Nilikuwa na nafasi wazi kadhaa kwenye matokeo na nilichukulia hao hawakufanya, huwa wapo kila muhula. Nikaandika kwenye grupu palepale, yeye na rafiki yake wamekaa: aliyefanya tesiti ya pili ukumbi wa juu na hana maksi aandike namba yake ya usajili hapa, sasa hivi, hakuna kosa lolote. Dakika mbili kimya. Ikaingia ya kwanza, ikafuata "na mimi mwalimu", ikafuata nyingine, nyingine, wakafika kumi na moja ukimtoa binti, na saba kati yao ni mabinti. Wa mwisho aliandikiwa na rumeti wake kwa sababu yeye ana kitochi. Nikampigia msimamizi aliyesimamia ukumbi ule, akafungua kabati lake. Bahasha ilikuwa nyuma ya mafaili, bado ina gundi, na nje imeandikwa kwa kalamu nyekundu, karatasi 12.